Katuni ya Alama Elfu

Kapitolina Arkhipovna alikuwa dereva mkubwa kuliko madereva wote wa mji wa Zarechinsk, na usukani wenyewe hajaugusa hata siku moja. Kazi yake kiwandani ilikuwa kucheza. Usicheke. Saa mbili kamili asubuhi anavaa koti jeupe, anafunga nywele kwa kitambaa, anakaa kwenye meza ya tatu katika chumba cha ukaguzi na kuvuta boksi la kwanza. Ndani mna gemu hamsini za magari, kila moja ukubwa wa kipande cha sabuni. Kuna kioo chenye barabara iliyochorwa, kigari kimekaa chini, kitufe kimoja cha kushoto, kingine cha kulia. Vizuizi vinashuka kutoka juu, wewe unapenya katikati yake. Breki hakuna. Ukigonga mara tatu, safari imekwisha.

Kila gemu aliicheza mpaka alama hamsini, akaisikiliza inavyolia pi-pi-pi, akaibinyabinya kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Akiridhika, anagonga muhuri wake, Namba 14, na gemu inakwenda dukani. Asiporidhika inarudi kwa mafundi, hata mafundi wapige magoti. Miaka ishirini na sita alikuwa mkaguzi hapo, tangu enzi kiwanda kilipotengeneza pasi na redio, na hakuna kitu kibovu kilichowahi kutoka na muhuri wake. Mafundi walimwita Bibi Ng'o, ila si mbele yake.

Kazi hiyo ilikuwa imemwingia mwilini. Mtu akimjia mbele kwenye ujia, kidole gumba kinaruka chenyewe mfukoni, kushoto au kulia, na mwili wote unafuata. Katika foleni ya mkate alikuwa anapishana na watu waliosimama. Walimwona ana wazimu kidogo, lakini mji ule ulikuwa na wenye wazimu wa hatari zaidi, kwa hiyo walimzoea.

Kitu kimoja tu alikitaka duniani: jiko lake mwenyewe. Aliishi na familia nyingine nne katika nyumba moja yenye jiko moja. Moto wa gesi ulikuwa wa sehemu nne, meza tano, na kila sufuria ilikuwa na kufuli. Umeshaona sufuria yenye kufuli? Yeye alikuwa nazo tatu. Kapitolina hakutaka makubwa. Alitaka kuchemsha yai bila mtu kumuuliza kwa nini analichemsha sasa na si baadaye. Miaka kumi na moja alikaa kwenye foleni ya fleti za kiwanda, na mwaka ule wa themanini na nane jengo jipya lilikamilika na jina lake likafika namba moja. Namba mbili alikuwa Inga Valeryanovna, mkaguzi wa meza ya nne, mwanamke mwenye pafyumu kali na muhuri mwepesi.

Hapo ndipo ilipozuka habari ya katuni.

Hakuna ajuaye ni nani aliyeianza. Nchi nzima ilikuwa inasema kwamba ukifikisha alama elfu kwenye gemu ile, barabara inafutika, na kioo kinakuonyesha katuni, ya rangi, yenye mwanzo na mwisho. Kila mtu alikuwa na binamu aliyeiona. Wanajeshi waliijua, madaktari wa meno waliijua, mapadri waliisikia na kunyamaza. Sasa sikiliza kichekesho. Nusu kubwa ya kiwanda kile ilitengeneza vitu visivyotajwa. Kulikuwa na ukuta, mlinzi, na geti ambalo Kapitolina hakuwahi kulivuka. Watu wa Zarechinsk walikwishajifunza kwamba kiwanda kikisema kitu hakipo, basi kipo, tena kina injini. Ndiyo maana kila Kapitolina alipoulizwa akajibu "Hakuna katuni," watu walikonyezana.

"Lisemwalo lipo," Rufina alimwambia jikoni, akikoroga supu yake ya kabichi. Rufina alikuwa jirani wa chumba cha mwisho, mjane, mwenye masikio ya sungura. "Kama halipo, laja."

"Rufina, naicheza kila siku ya Mungu. Baada ya mia tisa tisini na tisa inarudi sifuri. Kioo kina nafasi ya tarakimu tatu tu!"

"Sawa, Kapa. Wamekuapisha, sikulaumu. Nitazame tu machoni. Ina sungura au haina?"

"Haina kitu!"

"Ina sungura," Rufina akawaambia wengine, na wote wakatikisa vichwa kwa heshima.

Yote hayo yangebaki porojo za jikoni kama asingekuwepo mzee mmoja aitwaye Prokhor Lukich, mkuu mstaafu wa kituo kidogo cha reli huko Verkhnie Lipki. Huyu alifikisha elfu. Hakuona katuni. Akaandika barua kwa kiwanda, kwa mwandiko wa reli, kila herufi imesimama wima: nimefikisha alama elfu mara kumi na moja, katuni haikutokea, naomba maelezo. Na sheria ilisema barua ya mwananchi ijibiwe ndani ya siku thelathini. Siku ya ishirini na tisa karani akaandika jibu lile lile aliloliandika kwa watu wote wa pasi mbovu, akabadilisha neno moja tu: "Ndugu mwananchi, katuni ipo kwa mujibu wa viwango. Ikiwa haikuonekana, kasoro iko upande wa mtumiaji." Mkurugenzi Vadim Rodionovich akatia saini bila kusoma, kwa sababu siku hiyo alikuwa na barua arobaini na jino linauma.

Mzee Prokhor alipopata jibu hilo aliandika tena, safari hii kwa wizara, akaambatanisha nakala. Kama katuni ipo, ionyeshwe. Wizara ikamuuliza mkurugenzi: ipo au haipo? Loo! Akisema haipo, amemdanganya mwananchi kwa maandishi yenye saini. Akisema ipo, anahitaji mkaguzi wa kuthibitisha. Akamwita Kapitolina.

"Kapitolina Arkhipovna, kaa, mama yangu. Chai? Biskuti? Hebu soma hapa, kisha gonga muhuri hapa chini."

Kapitolina akavaa miwani, akasoma. "Inasema nimeiona katuni."

"Ndiyo."

"Sijaiona."

"Hujaiona bado. Unacheza mpaka hamsini tu, si ndiyo? Utajuaje kilichoko elfu?"

"Nimewahi kufika elfu mara mia, wakati wa chakula cha mchana, nikijistarehesha. Hakuna. Halafu, Ndugu Mkurugenzi, kuna jambo jingine." Akavua miwani. "Kama karatasi ya kiwanda inasema katuni ipo kwa mujibu wa viwango, basi gemu isiyo na katuni ni mbovu. Siwezi kuzigonga muhuri."

"Zipi?"

"Zote."

Mkurugenzi alijishika shavuni penye jino. Ilikuwa tarehe ishirini na tatu. Mpango wa mwezi ulidai gemu elfu tisa, na elfu nne zilikuwa bado mezani kwa mwanamke huyu.

"Wewe mama, una akili timamu?"

"Ninyi ndio mlioandika."

Na kweli, kesho yake hakugonga hata moja. Aliketi mbele ya maboksi, mikono mapajani, muhuri umefungiwa kwenye droo. Alikuwa anaogopa, tusimsingizie ushujaa. Usiku hakulala, aliwaza fleti. Lakini alikuwa mtu wa namna ile, anayeweza kuogopa na kukataa kwa wakati mmoja. Inga alijitolea kuzigonga za meza zote mbili, tena akatangaza kwamba katuni yeye aliiona zamani, mara mbili, na muziki juu. Gemu yenyewe haikuwa na uwezo wa kulia chochote zaidi ya pi. Wizara ikakataa: muhuri wa mtu aliyeiona bila shahidi hautoshi. Ikaamuru jaribio la hadhara, mbele ya wafanyakazi wote na mwananchi mlalamikaji.

Ijumaa saa tisa alasiri, ukumbi ulijaa watu mia sita, na mbegu za alizeti zikapasuka kama mvua ya mawe. Jukwaani paliwekwa meza, kitambaa chekundu, jagi la maji na gemu moja ndogo. Kwa kuwa hakuna ambaye angeiona kutoka safu ya pili, Inga alipewa kipaza sauti atangaze alama. Safu ya mbele alikaa Prokhor Lukich, koti la reli limepigwa pasi mpaka linang'aa, gemu yake imefungwa kwenye leso juu ya magoti. Alikuwa amesafiri kwa treni muda wa saa tisa. Alimpa mkono Kapitolina kabla hajapanda jukwaani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Samahani kwa usumbufu, mama." Hakuna mlalamikaji aliyewahi kumwomba samahani.

Nyuma ya pazia Vadim Rodionovich alimshika kiwiko. Alitoa ufunguo mfukoni, una kibati cha namba 47, akamwekea kiganjani.

"Fleti yako. Ghorofa ya tatu, jiko linaangalia bustani. Sikuombi uongo, najua hutaki. Nakuomba ugonge. Ukifika mia tisa na themanini, gonga mara tatu, basi. Watu watasema pole, alikaribia. Suala litabaki wazi, wizara itachoka, maisha yatasonga. Kuna ubaya gani dereva kugonga?"

Kapitolina aliuangalia ufunguo. Ulikuwa mwepesi, mpya, meno yake bado yana mafuta. Mungu wangu, alivyoutaka! Alirudisha ufunguo, akasema, "Nishikie," na katika neno hilo mkurugenzi alisikia ndiyo. Na ukweli ni kwamba ilikuwa ndiyo.

Akacheza. Inga alitangaza kila hamsini kwa sauti ya uwanja wa mpira. Kwenye mia mbili walipiga makofi. Kwenye mia tano mtu alizimia, lakini ikagundulika alikuwa amelewa tangu asubuhi. Kwenye mia nane hakuna aliyetafuna mbegu tena, ilisikika pi-pi-pi tu. Vidole gumba vya Kapitolina vilikwenda vyenyewe, na yeye akawaza jiko. Pazia la njano. Meza moja. Sufuria zisizo na kufuli.

"Mia tisa na themanini!" Inga akaita.

Kapitolina akakiacha kitufe. Kigari kikagonga.

"Ayaaa!" ukumbi mzima ukaguna.

Akakiacha tena. Kigari kikagonga mara ya pili. Wanawake wa idara ya kufungasha walianza kulia. Mkurugenzi nyuma ya pazia alifumba macho kwa raha. Ilikuwa imebaki mara moja tu. Kapitolina akainua macho kidogo, asione kigari chake kikivunjika, na macho yakamwangukia mzee wa safu ya mbele.

Prokhor Lukich alikuwa ameinama, mikono magotini, na vidole gumba vyake vinabonyeza leso: kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Alikuwa anamsaidia. Midomo yake ilikuwa inasema kimya kimya, kulia mama, kulia, kulia sasa.

Kapitolina akaenda kulia. Akapenya. Na baada ya hapo hakuweza tena kugonga. Alijiambia gonga, pumbavu wewe, gonga, na kila mara aliuona mdomo wa yule mzee na kupenya.

"Mia tisa tisini na nane," Inga akasema. "Mia tisa tisini na tisa..." Kisha kimya. "Sifuri."

Kigari kilikuwa pale pale chini. Kizuizi cha kwanza kilianza kushuka upya, polepole, kama asubuhi.

Halafu sauti kutoka nyuma: "Subirini, inapata moto!" Kila mtu akakumbuka runinga yake nyumbani, na wakasubiri. Watu mia sita walikaa dakika kumi wakingoja kitu cha ukubwa wa sabuni kipate moto. Mwingine akapaza sauti, "Zimeni taa, jamani, katuni gani inaonekana kwenye mwanga?" Taa zikazimwa, mapazia yakafungwa. Wakakaa gizani. Mtu alipapaswa, akapiga kelele. Taa zikawashwa.

Kapitolina akakichukua kipaza sauti kutoka kwa Inga. "Ndugu zangu. Katuni hakuna. Haikuwahi kuwepo. Waliochora barabara hawakuchora kingine chochote."

Ukumbi ukasimama na kumpigia makofi. "Ameapishwa!" walisema kwa huruma. "Mwacheni, mama wa watu, atafanyaje!" Na Rufina, aliyeingia kwa mlango wa nyuma ingawa hakuwa mfanyakazi, aliwanong'oneza waliomzunguka kwamba ina sungura.

Kamati ikajifungia nusu saa. Ikatoka na uamuzi uliosomwa na mkurugenzi mwenyewe, bila kumtazama mtu. Bidhaa haina kasoro. Mkaguzi Zhbanova, Kapitolina Arkhipovna, ameshindwa kuitoa katuni kwa sababu ya upungufu wa ujuzi, maana aligonga mara mbili mfululizo, jambo lililoshuhudiwa na wote. Atapelekwa miezi mitatu kwenye kozi ya kuongeza ujuzi. Ukaguzi wa gemu unakabidhiwa kwa Ndugu Inga Valeryanovna, aliyeiona. Na kwa kuwa kanuni za foleni hazimruhusu mwenye upungufu wa ujuzi kutangulia, fleti namba 47 nayo ilimfuata Inga. Inga akapokea ufunguo jukwaani, akalia machozi ya kweli. Kufikia Jumatatu alikuwa anakumbuka hata jina la sungura.

Kapitolina alikwenda kuketi kwenye benchi la ujia, karibu na ndoo za kuzimia moto. Alilia kwa hasira, hasira ya kujua kwamba alitaka kuuza na hakuuza, na sasa hana bei wala bidhaa. Jiko la familia tano, mpaka kufa. Prokhor Lukich akaja na kusimama mbele yake, kofia mkononi.

"Mama, nimekuharibia."

"Umeniharibia," alisema. "Kaa."

Akakaa.

"Mke wangu alifariki mwezi wa tatu," mzee akasema. "Gemu ilikuwa yake, alinunua kwa ajili ya safari. Nikawa nacheza tu, jioni, mikono isikae bure. Nikafika elfu, hakuna kitu. Nikasema nimekosea mahali. Nikarudia. Mara kumi na moja, mama. Halafu barua ikaja: kasoro iko upande wa mtumiaji. Nikasema, basi, ndivyo. Hata yeye alipougua nilichelewa kumpeleka hospitali. Kumbe ni mimi. Mimi ndiye mwenye kasoro, katika kila kitu." Akafungua leso, akafunga tena. "Nilikuja ili mtu aniambie kama ni kweli."

Kapitolina akafuta pua kwa mkono wa koti jeupe. Alichukua ile gemu, akaiwasha, akaicheza mpaka hamsini, akiisikiliza. Akaibinya pande zote. Kisha, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akifanya kazi, akamshika mzee mikono yote miwili na kuikagua nayo, vidole, viungo, kucha.

"Gemu nzima," akasema. "Mikono mizima. Katuni haipo. Kasoro sikuiona."

"Una hakika?"

"Miaka ishirini na sita, ndugu yangu."

Mzee akageuza uso ukutani, na mabega yakatikisika. Kapitolina alimwacha alie. Baadaye mzee akajipangusa, akasafisha koo mara mbili kwa sauti ya mtu anayetaka kutangaza treni.

"Nimesikia habari ya fleti," alisema. "Mimi nina nyumba ya kituo. Vyumba viwili na jiko. Jiko kubwa, sijui hata nilifanyie nini. Treni mbili tu kwa siku. Sisemi lolote baya, mama. Nasema tu kwamba jiko lipo."

"Lako peke yako?"

"Peke yangu."

"Gesi au kuni?"

"Gesi ya mtungi. Na kuni pia."

"Dirisha?"

"Mawili. Moja halifungi vizuri, sitakuficha."

Kapitolina alimtazama mtu huyo aliyetaja kasoro ya dirisha lake kabla ya kuulizwa. Aliweka miwani mfukoni.

"Nitakuja kesho kutwa nione mwenyewe," akasema. "Usiniambie lipo. Watu wa siku hizi wanaona vitu visivyokuwepo."

Jumapili alipanda treni ya alfajiri, akateremka Verkhnie Lipki saa nane mchana, akampita mzee aliyemngoja kwenye jukwaa la treni na maua mkononi, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye nyumba ya kituo, akasukuma mlango.

Jiko lilikuwepo.